Mshahara Umepanda, Pango Limeumeza: Ninachowadai Wasoshalisti wa Ulaya

Kila uchaguzi wa Bunge la Ulaya unapokaribia, vyama vya siasa za wastani za mrengo wa kushoto hukutana, hupitisha ilani ya pamoja, na ilani hiyo husomwa na watu wachache mno. Mimi huisoma. Ninaishi Berlin, mtaa wa Wedding. Nafanya kazi ya mshahara, nalipa pango, na sina kura kwa sababu pasipoti yangu ni ya Tanzania. Yanayoamuliwa Brussels na Strasbourg, makao ya Umoja wa Ulaya, yananifikia sawasawa na yanavyomfikia jirani yangu mwenye kura, na silaha pekee niliyo nayo ni kufuatilia na kusema. Basi nina jambo moja la kuwaambia: kwenye mshahara mmefanya kazi kubwa kuliko mnavyosifiwa, lakini kwenye nyumba mmechelewa, na mpaka nyumba iwe kipaumbele cha kwanza, hayo mengine yote watu hawatayaona.

Ninaowazungumzia ni Chama cha Wasoshalisti wa Ulaya, PES, muungano wa vyama kama SPD ya Ujerumani, PSOE ya Uhispania na wenzao wa Sweden, Denmark, Ureno na kwingineko. Tangu 2022 kinaongozwa na Stefan Löfven, aliyekuwa waziri mkuu wa Sweden, na kabla ya siasa alikuwa mchomelea vyuma na kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Bungeni kundi lao linaitwa S&D, chini ya Mhispania Iratxe García Pérez. Wasomaji wa Dar es Salaam na Nairobi huenda wanakijua kivuli cha kambi hii bila kujua: taasisi ya Friedrich Ebert, inayoandaa warsha nyingi za vyama vya wafanyakazi huko nyumbani, ni ndugu wa SPD.

Uchaguzi wa Juni 2024 uliwapa viti 136 kati ya 720. Ni kundi la pili kwa ukubwa, na kwa hesabu hiyo mtu angedhani mambo si mabaya. Lakini tazama nchi moja moja. PASOK ya Ugiriki ilipata karibu asilimia 44 ya kura mwaka 2009, na Januari 2015 ikaambulia chini ya asilimia 5. Chama cha Labour cha Uholanzi kilianguka kutoka viti 38 hadi 9 katika uchaguzi wa 2017. Ufaransa, mgombea wa wasoshalisti, Anne Hidalgo, meya wa Paris wakati huo, alipata asilimia 1.75 katika uchaguzi wa rais wa 2022. SPD yenyewe, chama cha Willy Brandt, kilipata asilimia 16.4 Februari 2025, matokeo mabaya kuliko yote tangu Vita vya Pili vya Dunia.

Vyama haviporomoki hivyo kwa bahati mbaya. Ujerumani, chansela (yaani mkuu wa serikali) wa SPD Gerhard Schröder ndiye aliyeleta mageuzi ya Agenda 2010 mwaka 2003, yaliyobana posho za wasio na kazi na kupanua ajira za ujira duni. Ugiriki, PASOK ndiyo iliyosaini masharti ya mikopo ya kwanza ya 2010, pensheni zikakatwa. Mkono mtupu haulambwi. Mfanyakazi aliyekichagua chama cha wafanyakazi akarudi nyumbani na pungufu ya alichokuwa nacho, safari iliyofuata hakukichagua.

Kwa hiyo vipaumbele vyao vya miaka hii nivisome vipi? Navisoma kama jaribio la kulipa deni hilo. Novemba 2017, mjini Gothenburg, Löfven akiwa mwenyeji, viongozi wa Ulaya walitangaza Nguzo ya Haki za Kijamii yenye kanuni 20: mshahara wa haki, hifadhi ya jamii, malezi ya watoto, makazi, na kadhalika. Ilikuwa tamko tu. Mei 2021, mjini Porto, msoshalisti mwingine, António Costa wa Ureno, akakusanya viongozi walewale na tamko likapewa malengo ya 2030, likiwemo la kupunguza kwa milioni 15 idadi ya watu walio katika hatari ya umaskini, milioni 5 kati yao wakiwa watoto. Kutoka hapo sheria zikaanza kutoka.

Ya kwanza ni ya kima cha chini cha mshahara, iliyopitishwa Oktoba 2022. Aliyeibeba bungeni kwa upande wa wasoshalisti ni Agnes Jongerius, Mholanzi aliyewahi kuongoza shirikisho kubwa la vyama vya wafanyakazi nchini kwake, akishirikiana na Mjerumani wa kihafidhina, Dennis Radtke. Sheria haipangi kiasi kimoja kwa Ulaya nzima, wala isingewezekana, maana mshahara wa Bulgaria na wa Luxembourg ni mbingu na ardhi. Inachofanya ni kuweka kipimo: kima cha chini kilinganishwe na asilimia 60 ya mshahara wa mtu wa katikati nchini humo, yule ambaye nusu ya wafanyakazi wanapata zaidi yake na nusu pungufu. Na nchi ambayo wafanyakazi wanaolindwa na mikataba ya pamoja, ile ya vyama vya wafanyakazi na waajiri, hawafiki asilimia 80 itengeneze mpango wa kuwaongeza. Kipengele hiki cha pili magazeti yalikipita haraka, nami naona ndicho chenye uzito. Kima cha chini kinamzuia mtu asizame. Mkataba wa pamoja ndio unaompandisha.

Waliopinga sheria hiyo kwa nguvu zaidi hawakuwa matajiri. Walikuwa wasoshalisti wa Denmark na Sweden. Kwao hakuna kima cha chini cha kisheria. Mishahara hupangwa na vyama vya wafanyakazi na waajiri, serikali ikikaa pembeni, na waliogopa kwamba Brussels ikitia mkono mara moja hautatoka. Serikali ya Denmark, chini ya waziri mkuu msoshalisti, ilikwenda mahakamani kutaka sheria nzima ifutwe. Januari 2025 mshauri wa mahakama alisema ifutwe. Watu wa vyama vya wafanyakazi ninaowafahamu hapa walivunjika moyo. Kisha tarehe 11 Novemba 2025 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba sheria inabaki, ikiondoa vifungu viwili tu. Nawaelewa Wadenmark, kwa kweli. Mfumo wao ni mzuri na wana haki ya kuulinda. Lakini mfagiaji wa ofisi Bucharest hana mfumo wa Denmark, na hauwezi kumfikia kwa kusubiri.

Hapa Ujerumani kima cha chini kilikuja tu mwaka 2015, euro 8.50 kwa saa, kwa shinikizo la SPD ndani ya serikali ya mseto na Angela Merkel. Oktoba 2022 kikafika euro 12, na Januari 2026 euro 13.90. Nimekaa hapa muda wa kutosha kuona tofauti kwenye jikoni za mahoteli na kwenye maghala wanakofanya kazi watu wetu wengi. Kabla ya hapo mwajiri alikuwa anakutajia bei kama anavyotajiwa mnunuzi wa mitumba sokoni, na wewe ukubali au uondoke. Sasa kuna sakafu, na kila mmoja anaijua, hata asiyejua Kijerumani. Ndiyo maana nasema kambi hii haisifiwi inavyostahili. Uhispania nako, serikali ya msoshalisti Pedro Sánchez ilikipandisha kima cha chini kutoka takriban euro 736 kwa mwezi mwaka 2018 hadi 1,184 mwaka 2025. Walitabiri ajira zitakufa. Uchumi wa Uhispania ulikua kwa zaidi ya asilimia 3 mwaka 2024, huku wa Ujerumani ukisinyaa.

Ya pili ni ya wanaofanya kazi kupitia programu za simu. Katika kundi letu la WhatsApp la Waswahili wa Ulaya yupo kijana wa Lubumbashi anayesambaza chakula kwa baiskeli jijini Brussels. Siku moja akaunti yake ilifungwa. Hakuna aliyempigia simu wala aliyemwandikia zaidi ya ujumbe wa mashine, na alipotafuta ofisi ya kwenda kulalamika, haikuwepo. Hakuwa mwajiriwa, kwa hiyo hakufukuzwa, kwa maneno yao. Alikuwa “mshirika huru”. Kwa makadirio ya Kamisheni ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, watu wa aina yake walikuwa milioni 28 barani mwaka 2021, na milioni 5.5 kati yao huenda wamepewa jina la kujiajiri ilhali mambo yote yanaonyesha wana bosi.

Sheria iliyopitishwa Oktoba 2024 inageuza mzigo wa ushahidi. Dalili zikionyesha kampuni inamwongoza na kumsimamia mtu, huyo anachukuliwa kuwa mwajiriwa, na ni juu ya kampuni kuthibitisha vinginevyo. Tena kompyuta haiwezi peke yake kumsimamisha mtu kazi. Lazima binadamu aamue. Aliyeisukuma bungeni ni msoshalisti wa Italia, Elisabetta Gualmini, na alikaribia kushindwa. Desemba 2023 na tena Februari 2024 serikali za nchi wanachama ziliikwamisha. Ufaransa ilipinga. Ujerumani, iliyokuwa na chansela wa SPD, Olaf Scholz, haikuunga mkono, kwa sababu washirika wake waliberali walimfunga mikono. Ni Estonia na Ugiriki zilipobadili msimamo Machi 2024 ndipo ikapita. Nchi zina hadi tarehe 2 Desemba 2026 kuiingiza katika sheria zao. Kijana wa Lubumbashi aliposikia hivyo aliuliza, mpaka Desemba nile nini? Swali hilo linagusa udhaifu mkubwa wa siasa hii: ushindi wake huchukua miaka mitano kutoka karatasi hadi sahani.

Zipo nyingine nitakazozitaja kwa haraka. Dhamana ya Vijana ya 2013, inayotaka kila kijana apate kazi, mafunzo au shule ndani ya miezi minne. Dhamana ya Watoto ya 2021. Sheria ya uwazi wa mishahara ya 2023, yenye tarehe ya mwisho Juni 2026, itakayomlazimu mwajiri kumwambia mwombaji kazi kiwango cha mshahara mapema na kumkataza kuuliza ulikuwa unalipwa kiasi gani ulikotoka. Hii ya mwisho itawasaidia wahamiaji kuliko wanavyojua, kwa sababu anayeanza na mshahara mdogo Ulaya huburuzwa na udogo huo kutoka kazi hadi kazi.

Sasa nije kwenye paa.

Takwimu za Ulaya zinaonyesha bei za nyumba katika Umoja wa Ulaya zimepanda kwa zaidi ya nusu tangu 2010, na kodi za pango kwa zaidi ya robo. Huo ni wastani, umechanganya vijiji vinavyohamwa na miji inayofurika. Berlin, ambako zaidi ya wanane kati ya kila watu kumi ni wapangaji, anayetafuta chumba leo haishi katika wastani. Wenye takwimu wanasema mtu amelemewa ikiwa makazi yanachukua zaidi ya asilimia 40 ya kipato chake. Nauliza wafanyakazi wenzangu waliohamia mjini hivi karibuni, na mara nyingi jibu ni kwamba wamevuka hapo. Ile nyongeza ya kima cha chini, iliyopiganiwa kwa miaka, inaingia mkono mmoja na kutokea mwingine, moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Mfanyakazi akiangalia salio mwisho wa mwezi anaona hakuna kilichobadilika, na ukimwambia kwamba wasoshalisti wamempandishia mshahara anakuona unamtania.

Linaloniuma zaidi ni kwamba kambi hii ilikuwa inajua kujenga. Karibu na ninapokaa, kwenye eneo la Wedding linaloitwa Mtaa wa Kiafrika, upo mji mdogo wa majengo unaoitwa Friedrich-Ebert-Siedlung, kwa jina la rais wa kwanza wa jamhuri, mtu wa SPD. Ulijengwa kuanzia 1929 hadi 1931, na Bruno Taut alikuwa mmoja wa wasanifu wake. Vyumba vyenye mwanga, bustani katikati, bafu ndani ya nyumba, kwa watu waliokuwa wakiishi familia nzima kwenye chumba kimoja cha uani. Majina ya barabara za eneo hilo yalikuwa ya kuadhimisha ukoloni, na mojawapo ilibeba jina la Carl Peters, ambaye Mtanzania hahitaji kuelezwa alikuwa nani. Agosti 2024 ilibadilishwa, na sehemu yake sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Nafurahi kila ninapopita. Ila jina jipya la barabara halimpi mtu mahali pa kulala, na wajukuu wa waliopigana Maji Maji wanaokuja kusoma hapa wanapanga foleni ya kutazama chumba kimoja pamoja na watu mia.

Vienna ndiyo shule. Wasoshalisti walishika jiji hilo mwaka 1919 na wameshinda kila uchaguzi huru tangu hapo. Mwaka 1923 mkuu wao wa fedha, Hugo Breitner, alianzisha kodi ya ujenzi wa nyumba iliyompiga tajiri zaidi kuliko maskini: aliyeishi kwenye kasri alilipa mamia ya mara ya kile alicholipa mwenye chumba. Kwa fedha hizo zilijengwa zaidi ya nyumba 60,000 kabla ya wafashisti kuchukua nchi mwaka 1934. Jengo maarufu zaidi, Karl-Marx-Hof, lina urefu wa zaidi ya kilomita moja na nyumba 1,382, na lilipigwa mizinga Februari mwaka huo kwa sababu wafanyakazi walijihami ndani yake. Leo jiji linamiliki takriban nyumba 220,000, na ukijumlisha zile za ushirika zinazopata ruzuku, karibu nusu ya wakazi wanaishi humo. Mwalimu, dereva wa tramu na daktari hukutana kwenye ngazi moja. Vienna haikuzifanya nyumba za umma kuwa za maskini peke yao, na ndiyo maana hakuna mwanasiasa aliyethubutu kuziuza.

Berlin iliuza. Mwaka 2004 serikali ya jiji, chini ya meya wa SPD, Klaus Wowereit, iliuza kampuni ya umma ya GSW yenye nyumba zipatazo 65,000 kwa wawekezaji wa kigeni. Bei ilikuwa euro milioni 405, na wanunuzi wakabeba madeni ya kampuni. Jiji lilikuwa na madeni makubwa na lilitafuta fedha za haraka. Watu wa kizazi cha wazazi wangu, waliopanga nyumba za Msajili wa Majumba kule Dar, wangeweza kuwaambia kwamba nyumba ya umma hata ikichakaa bado ni yako, na ikishauzwa hairudi kwa bei uliyouzia.

Jiji lilijaribu kurekebisha. Januari 2020 muungano wa vyama vitatu vya mrengo wa kushoto ulipitisha sheria ya kuzifungia kodi za pango, iliyogusa nyumba milioni 1.5. Watu walipumua. Wengine walipunguziwa kabisa. Tarehe 15 Aprili 2021 Mahakama ya Katiba ikatangaza sheria hiyo ni batili, kwa kuwa jambo hilo ni la serikali kuu na si la jiji. Wapangaji wengi wakadaiwa tofauti yote kwa mpigo. Marafiki zangu kadhaa walilipa kwa mkopo. Septemba mwaka huo huo, zaidi ya asilimia 57 ya waliopiga kura ya maoni walitaka makampuni makubwa ya nyumba yachukuliwe na umma kwa fidia. SPD iliyounda serikali iliyofuata ikateua tume ya wataalamu. Tume ikaandika ripoti. Makampuni yapo palepale.

Mtu atauliza Brussels inahusikaje, maana mikataba ya Umoja wa Ulaya haiipi mamlaka juu ya nyumba. Jibu ni kwamba inahusika hata inapodai haihusiki. Chukua Uholanzi. Kwa zaidi ya miaka mia mashirika ya nyumba ya huko yalipangisha watu wa tabaka mbalimbali. Desemba 2009, kwa kufuata sheria za ushindani wa soko, Kamisheni iliamua kwamba msaada wa serikali kwa mashirika hayo ukubaliwe endapo sehemu kubwa ya nyumba itatengwa kwa wenye kipato cha chini, na mpaka ukawekwa kwenye takriban euro 33,000 kwa mwaka. Muuguzi na polisi wakajikuta wana kipato kikubwa mno kwa nyumba ya shirika na kidogo mno kwa soko. Hivyo Brussels iliikataza Uholanzi kufanya kile kilichoifanikisha Vienna, bila kuwa na hata kifungu kimoja cha sera ya nyumba.

Hatimaye wasoshalisti wameliona. Baada ya uchaguzi wa 2024 walidai kamishna wa nyumba kama sharti la kura zao kwa Ursula von der Leyen, mkuu wa Kamisheni, na tangu Desemba mwaka huo yupo, wa kwanza katika historia: Dan Jørgensen wa Denmark, anayeshika nishati na nyumba. Bungeni ikaundwa kamati maalumu ya mgogoro wa nyumba, ikiongozwa na Irene Tinagli wa Italia. Desemba 2025 Kamisheni ilitoa mpango wake wa nyumba za bei nafuu, na ndani yake mna kulegeza zile sheria za msaada wa serikali ili watu wa kipato cha kati nao wajengewe, na hatua dhidi ya nyumba zinazogeuzwa kuwa za watalii. Naunga mkono yote hayo. Lakini fedha ziko wapi?

Hapo ndipo nawadai. Kanuni za Ulaya zinaitaka kila serikali isizidishe nakisi ya bajeti ya asilimia 3 ya pato la taifa wala deni la asilimia 60. Zilifanyiwa marekebisho mwaka 2024, wasoshalisti wakapigania nafasi zaidi ya uwekezaji na kupata kidogo. Wakati wa korona tuliona mlango unaweza kufunguliwa: Julai 2020 viongozi walikubaliana kukopa kwa pamoja euro bilioni 750. Mwaka 2025 ukafunguliwa tena kwa ajili ya silaha: mikopo ya bilioni 150 ya ulinzi, na ruhusa kwa nchi kuvuka mipaka ya nakisi kwa matumizi ya kijeshi. Vita vya Urusi dhidi ya Ukraine ni vya kweli, na sipingi Ulaya kujilinda. Ninachotaka wabunge wa S&D wakiseme kwa sauti ileile ni kwamba nyumba nazo zinastahili ruhusa hiyo. Jengo linakaa miaka mia na linalipa pango kila mwezi. Ni deni lenye kujilipa, kinyume na kifaru.

Kuna eneo lingine ambalo siwezi kulinyamazia, kwa sababu linawagusa wasemaji wa Kiswahili walio mbali kabisa na Ulaya. Betri ya baiskeli ya yule kijana wa Brussels ni ya aina ambayo mara nyingi hutumia kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka kusini mwa Kongo, kwao, Kolwezi na jirani zake. Baada ya jengo la viwanda vya nguo la Rana Plaza kuporomoka Bangladesh mwaka 2013 na kuua zaidi ya watu 1,100, wasoshalisti wa Ulaya walidai makampuni makubwa yawajibike kwa yanayotokea kwenye mnyororo wao wote, hadi mgodini na shambani. Msoshalisti wa Uholanzi, Lara Wolters, aliibeba sheria hiyo hadi ikapita mwaka 2024. Haikuwa imeanza kutumika, Kamisheni ikaanza kuipunguza makali Februari 2025 kwa hoja ya kuwaondolea wafanyabiashara makaratasi. Oktoba mwaka huo kundi la S&D likakubali mapatano na wahafidhina, na Wolters akaachia nafasi yake ya kuongoza mazungumzo kuliko kuyatetea. Mwezi uliofuata wahafidhina walipata walichotaka kwa kura za mrengo mkali wa kulia: sheria iwabane tu wenye wafanyakazi zaidi ya 5,000 na mauzo ya zaidi ya euro bilioni 1.5. Namheshimu Wolters. Wenzake walikubali nusu mkate, na walipoketi kuula wahafidhina walikuwa wamekwisha kuhamia meza nyingine.

Uhamiaji umeigawa kambi hii kupita jambo lingine lolote. Mette Frederiksen, yule waziri mkuu wa Denmark niliyemgusia, aliamua kwamba chama chake kitashinda kwa kuwa kikali kwa wageni. Mwaka 2021 serikali yake ilisaini makubaliano na Rwanda, na bunge likapitisha sheria ya kuwezesha waomba hifadhi kupelekwa nje ya Ulaya wakasubirie huko. Mpango huo ulisimamishwa Januari 2023 na hakuna aliyepelekwa Kigali. Wengi katika PES wanaitazama Denmark kwa matamanio: si walishinda uchaguzi? Walishinda, ndiyo. Lakini Novemba 2025 chama hicho kiliupoteza umeya wa Copenhagen, jiji kilichokuwa kimelishika kwa zaidi ya miaka mia, na moja ya malalamiko makubwa ya wapiga kura ilikuwa bei ya nyumba. Walioondoka walikwenda kushoto zaidi.

Sánchez alichagua njia nyingine. Oktoba 2024 aliliambia bunge lake kwamba Uhispania ina uchaguzi wa kuwa nchi iliyo wazi na yenye ustawi au iliyojifunga na kuwa maskini. Sisi tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hesabu za pensheni za Uhispania zinasema kitu kilekile. Hata hivyo nasikia wasiwasi wa jirani yangu Mjerumani anayeona foleni ya vyumba inarefuka na wageni wamo ndani yake. Hasira yake ni ya kweli hata kama anaielekeza pabaya. Aliyeuza nyumba 65,000 hakuwa mkimbizi wa Syria. Lakini chama kilichouza kinawezaje kumwambia hivyo na kuaminika, kabla hakijaanza kujenga?

Mwaka huu na ujao serikali za Ulaya zinavutana juu ya bajeti ya 2028 hadi 2034. Pendekezo la Kamisheni la Julai 2025 ni karibu euro trilioni 2, na linataka kuunganisha mifuko mingi katika mpango mmoja kwa kila nchi, ukiwemo Mfuko wa Jamii wa Ulaya ulioanzishwa na Mkataba wa Roma wa 1957. S&D wanapinga, nao wana haki: fedha za mafunzo na watoto zikitiwa chungu kimoja na za kilimo na mipaka, mawaziri wa fedha watazipakulia mwisho. Wasiishie kuulinda mfuko wa zamani. Wadai fungu la nyumba lenye kiasi kilichoandikwa, la kukopesha miji kwa riba ndogo na kwa masharti mawili: nyumba zibaki mali ya umma au ya ushirika daima, na mpaka wa kipato uwe wa juu vya kutosha ili muuguzi asifungiwe nje. Wakitoka kwenye mazungumzo hayo bila fungu hilo, nitawaandikia tena.